Karai la Wamuyu

Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyasi, mzito kama moshi wa kuni mbichi, na baridi ya Kuresoi ilikuwa inauma vidole.

Nilikuwa kwenye kituo cha maziwa. Nilikuwa nimefungua mkebe wa kwanza wakati gari jeupe lilitokeza ndani ya ukungu, taa zikiwa zinawaka.

Daktari Obura akashuka. Huyu ni mtu wa kusalimia hadi mbuzi. Siku hiyo hakusalimia.

"Mzee Bethwel," akaniambia, "watu wenu wanafanya nini na damu yao?"

"Damu gani, Daktari?"

"Ile nilichukua hapa mwezi uliopita. Watu sita. Familia mbalimbali, umri mbalimbali, makabila mawili. Na yote inasoma karibu sawa, kama imetoka kwa mtu mmoja. Miaka yote nimefanya kazi hii sijaona kitu kama hicho."

Mfuniko wa mkebe ukaniponyoka, ukabingirika hadi kwenye matope.

Mke wangu alikuwa mmoja wa hao sita.

Jina langu umelisikia. Kazi yangu ni kupokea na kupima maziwa ya ukingo wetu, yaani mashamba yote ya mgongo huu wa kilima. Shule niliiacha nikiwa mdogo nikaenda kuchunga, na sasa, nikiwa na mvi, ninasoma darasa la jioni, lile watu huliita gumbaru. Hii naiandika kwa simu, polepole, na nimeomba kabla ya kuanza. Sitaongeza chumvi.

Ugonjwa wenyewe ni homa ya ini, aina ya C. Huu ni ugonjwa mnyamavu. Unaingia kwa damu, unakaa ndani ya ini miaka mingi bila kubisha, na siku unapobisha ini limeshakuwa gumu kama ngozi iliyoachwa juani.

Kwetu watu wanasema uliletwa na yule bwana wa zamani aliyekuwa akitembea shamba kwa shamba na kamkoba. Mtoto akiwa na homa, anadungwa. Mama akiwa na mgongo, anadungwa. Sindano ilikuwa moja. Tulimshukuru sana. Wengine walimpa kuku.

Basi watu wa utafiti walikuja kutoka Nakuru wakatueleza kanisani. Kuna dawa ya kumeza, kidonge kimoja kwa siku. Dawa za namna hiyo zinaponya kabisa. Lakini hii ilikuwa mpya, na walitaka kuijua vizuri.

"Kutakuwa na kura," Daktari Obura alituambia. "Kuna watakaoanza na dawa. Kuna watakaoanza na vidonge visivyo na dawa ndani. Chupa ni zile zile, vidonge vinafanana, hata mimi sitajua ni nani. Baadaye kila mtu atapewa dawa ya kweli. Hakuna atakayeachwa."

Kanisa lilinichagua mimi niwe kiungo kati ya daktari na ukingo. Ndiyo maana alinijia mimi asubuhi hiyo.

Sasa kuna jambo lazima nikuambie, la sivyo hutaelewa mengine.

Ukingo wetu una makabila mawili. Mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi, nyumba zilichomwa hapa. Ya Wamuyu, jirani yetu, ilikuwa moja. Alikaa kwa hema Nakuru na watoto wake mpaka mke wangu, Chepkemei, akaenda kumchukua. Sisi ni Wakipsigis. Wamuyu ni Mkikuyu. Chepkemei alimwambia mbele ya wale wote wa hema, "Twende nyumbani. Nikila nawe utakula. Nikikosa tutakosa wote."

Wamuyu alirudi.

Lakini kilichoturudisha wengi pamoja ni maziwa. Tulikubaliana kituo kiwe kimoja na mkebe uwe mmoja. Maziwa ya Kimaiyo, Mkipsigis, na ya Mathenge, Mkikuyu, yakishamwagwa mle ndani, ni nani atayatenganisha?

Kwa hiyo hapa kwetu, ukiuliza nani amepewa na nani amenyimwa, umewasha kiberiti.

Na kuna mtu aliwasha. Kipngeno, kijana wa bodaboda anayeleta maziwa ya wale wa juu, mdomo wake hauna breki. Wiki ile vidonge vya kwanza vilipoletwa, alisimama kituoni, mguu juu ya pikipiki.

"Mzee, niaje. Hiyo kura ilipigwa na nani?"

"Na mashine," nikamwambia. "Lete maziwa."

"Mashine ya nani? Mi nasikia upande mmoja wamepewa dawa, upande ule mwingine wamepewa unga wa ugali."

Watu wakacheka. Halafu kila mmoja akaangalia aliyesimama karibu naye, kabila lake.

Nilimpima Kipngeno maziwa haraka aende zake. Lakini neno likishatoka halirudi kwenye mdomo.

Turudi kwenye ile asubuhi ya ukungu.

Daktari aliniambia hivi. Mjini, matokeo yanaeleweka. Kwa wengine kirusi kimepotea kabisa. Kwa wengine hakijaguswa. Hao wa mwisho, bila shaka, ni wale ambao hawajaanza dawa ya kweli. "Lakini hapa kwenu," akasema, "kirusi kimeinama kidogo kwa kila mtu, halafu kimeinua kichwa tena. Kwa wote. Hakuna aliyepona na hakuna aliyebaki vile alivyokuwa."

"Maana yake nini?"

"Wakubwa wanafikiri dawa haifanyi kazi huku juu. Ikiwa ni hivyo, watafunga utafiti wa upande huu."

"Na wagonjwa?"

Akavuta koti lake. "Watangoja kitu kingine."

Chepkemei hakuwa mtu wa kungoja. Macho yake yalikuwa yameanza kupata rangi ya siagi. Alikuwa anachoka akipanda kile kilima kidogo cha kutoka mtoni. Usiku alikuwa anajikuna mpaka ngozi inatoka damu.

Daktari aliacha chupa mpya za mwezi huo, akaondoka. Mimi nikabaki na neno lake moja. Yote inasoma sawa.

Jioni hiyo darasani Mwalimu Winrose alikuwa anafundisha sayansi. Ni msichana mdogo, tunaweza kumzaa, lakini akishika chaki tunanyooka.

"Una shamba la viazi," akasema. "Unataka kujua kama mbolea mpya inafaa. Utafanyaje?"

"Nitaiweka nione," mama mmoja akajibu.

"Na mvua ikiwa nzuri mwaka huo? Utajuaje kama ni mbolea ama ni mvua? Unagawa shamba mara mbili, mama. Huku mbolea, huku hakuna. Na usichanganye. Ukichanganya, utavuna viazi lakini hutajua kitu."

Niliandika hayo kwenye daftari kama mengine yote. Nilipofika kwenye neno usichanganye, kalamu ikasimama.

Kwa sababu mimi ni mtu wa maziwa. Ya kila nyumba ni tofauti. Kuna ya mafuta mengi, kuna mepesi, kuna ya ng'ombe aliyekula kabichi, unasikia tu harufu. Kitu kimoja pekee kinafanya maziwa ya nyumba sita yasome sawa.

Ni kumwagwa pamoja.

Jumamosi mvua ilianza saa nane mchana. Chepkemei alikuwa ameenda kwa Wamuyu kwenye ushirika wa wagonjwa, na alikuwa ameacha shali yake kwenye kiti. Nikaichukua nimpelekee.

Nilipofika nilisikia wimbo wa kuabudu, chini chini. Mlango ulikuwa wazi nusu.

Walikuwa wamepiga magoti, wote sita, wakizunguka karai la plastiki la buluu, lile la kuoshea vyombo. Chupa zilikuwa zimelala chini, tupu. Ndani ya karai mlikuwa na vidonge vyeupe, vingi. Mkono wa mke wangu ulikuwa unavikoroga taratibu, kama mtu anayechagua mawe kwenye maharagwe.

Wimbo ukakatika.

"Ingia tu, Baba Weldon," Wamuyu akaniambia bila kusimama. "Umeshaona."

"Nimeona nini?"

"Usimtishe mtu, Wamuyu," akasema mzee Mathenge. Huyu alikuwa mkulima wa viazi, mkubwa kuliko wote pale, na utani haukumwisha hata tumbo lilipoanza kujaa maji. "Mzee, keti. Ukitaka kimoja tunakupa, lakini ini lako litashangaa."

Hakuna aliyecheka.

Wamuyu ndiye aliyenieleza. Kila mara chupa mpya zikija, walikuwa wanamwaga vyote pamoja, wanachanganya, wanaomba, halafu wanahesabu upya kila mtu apate sawa. Kwa njia hiyo hakuna mwenye dawa na hakuna mwenye unga. Wakikuyu na Wakipsigis, wote kitu kimoja. Kama kanisa la kwanza lilivyofanya na mali zao. Kama tunavyofanya na maziwa.

"Daktari alisema hakuna atakayeachwa," nikasema. "Wale wa unga watapewa baadaye."

"Mwaka wa 2008 pia tuliambiwa tutapewa baadaye," Wamuyu akajibu.

Nikajaribu kueleza juu ya viazi. Nikasema kila mtu akimeza dawa leo na unga kesho, kirusi kinapigwa kofi, hakiuawi. Nikasema mnajiua, na mnamdanganya daktari.

"Hatumwambii kitu, hiyo si kumdanganya."

"Basi mimi nitamwambia."

Wote wakaniangalia. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Tuliapa," Wamuyu akasema. "Tuliweka mikono ndani ya karai tukaapa kwa jina la Mungu. Atakayesema, damu ya wengine iwe juu yake. Na sasa wewe umeona. Kiapo kimekushika pia."

"Mimi sikuapa."

"Umesimama mlangoni. Mlango ni wa nyumba."

Nikamwangalia mke wangu. Hakuinua kichwa. Mkono wake uliendelea kukoroga. Nikaona jambo dogo ambalo sikulielewa siku hiyo. Mathenge hakuwa ananitazama mimi kama wengine. Alikuwa anamtazama Chepkemei, na Chepkemei alikuwa anakwepa macho yake.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja nilimuuliza, "Na kama ile yako ndiyo ilikuwa ya kweli, na wewe unaimwaga?"

"Nani anajua aliye na ya kweli, Baba Weldon?"

Aliuliza bila kusimama. Sikugundua kwamba hakuwa amenijibu.

Jumatano iliyofuata, asubuhi, mzee Mathenge alianguka kwenye viazi vyake.

Kipngeno alikuja kituoni mbio, pikipiki ikiteleza, uso hauna rangi. Hakuwa na utani. "Mzee, njoo. Anatapika damu. Damu nyingi, mzee, sijawahi ona."

Tulimfunga kwa blanketi, tukampakia kwa pikapu ya jirani. Hatukufika hospitali ya Molo. Alinishika mkono njiani, akafungua mdomo kama anataka kusema kitu, akaangalia wale waliokuwa kwenye pikapu, akaufunga.

Alikufa ameufunga.

Ilitakiwa kifo kile kiwafungue wengine, sivyo? Nilifikiri hivyo pia. Kilifanya kinyume.

Kwenye mazishi, udongo ukiwa bado unatupwa, Wamuyu alinisogelea. Leso ilikuwa mdomoni.

"Alimwambia mtu," akanong'ona. "Mathenge. Alimwambia mtu, kiapo kikamchukua. Ni wewe aliambia?"

"Hakuniambia kitu, mama. Alikuwa mgonjwa. Ini lilipasua mishipa."

"Afya yake ilikuwa nzuri Jumamosi."

"Tumbo lilikuwa limejaa maji, Wamuyu. Hiyo ni afya nzuri?"

Hakunisikia. Wale watano walisimama pamoja upande wa kaburi, karibu karibu kama kuku wameona mwewe. Kuanzia siku hiyo ukiwasalimia wanaangalia chini. Jumamosi walienda tena kwa Wamuyu. Karai bado lilikuwa pale.

Na Chepkemei akaanza kuvimba miguu. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nilikuwa nabonyeza kila jioni, na kila jioni shimo lilikawia zaidi kujaa.

Kisha Daktari Obura akapiga simu. Wakubwa walikuwa wameamua. Angekuja Ijumaa, tarehe 27, kuchukua chupa zilizobaki na kuaga.

Nikaingia kwenye zizi, nikapiga magoti kwenye kinyesi cha ng'ombe, maana hapo ndipo mimi huombea. Nikamwambia Mungu, hawa watu wamejifunga jina lako shingoni. Wafungue wewe.

Sikusikia sauti. Lakini niliporudi ndani nilifungua Maandiko, na kwa sababu sasa ninasoma mwenyewe, nikatafuta mwenyewe. Nilikuta kwenye sheria za kale kwamba mtu aliyeapa kwa haraka, kisha akajua alichofanya, hakuambiwa ashikilie hadi afe. Aliambiwa akiri.

Nilimsomea Chepkemei. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta blanketi.

"Umesoma vizuri," akasema. "Zamani ungekwama katikati."

Basi.

Singeweza kuvunja kiapo cha watu wengine kwa mdomo wangu. Hilo nililijua. Lakini kazi yangu ni kupima maziwa, na kazi yangu haikuapa kwa mtu.

Ijumaa asubuhi jua lilitoka mapema, jembamba, lisilo na joto. Karibu ukingo wote ulikuwa kituoni na vibuyu na madebe. Wamuyu alikuwepo. Wale wengine watatu walikuwepo. Chepkemei alikuja polepole na debe letu, akaketi juu ya kreti.

Gari jeupe likafika. Daktari akasimama kando akingoja nimalize.

Nikapima ya Kimaiyo, nikamwaga. Nikapima ya Wamuyu, nikamwaga. Nikapima ya mke wangu kwa kile kioo kinachoelea, kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji, nikaangalia, na debe nikaliweka chini.

Foleni ikasimama.

"Kwani iko na maji?" Kipngeno akauliza. "Mzee, umetiliwa maji na bibi yako?"

"Haina maji. Ni nzuri kuliko zote leo."

"Sasa mbona humwagi?"

"Ngoja nikuulize, Kipngeno. Kila asubuhi napima ya kila mtu peke yake, halafu namwaga. Siku moja nikimwaga kwanza ndipo nipime, nitajua nini?"

"Hutajua kitu. Hata mwizi wa maji hutamjua."

"Na mwenye maziwa mazuri?"

"Huyo pia."

"Kuna watu hapa walimwaga kabla ya kupimwa," nikasema. "Sijasema walimwaga nini. Sijasema ni nani. Wanajijua. Na mpaka waseme wenyewe, debe la nyumba yangu halimwagwi."

"Baba Weldon," Wamuyu akasema. "Nyamaza."

"Nimenyamaza."

Nikaona Daktari ameinua kichwa.

Chepkemei akasimama. Ilimchukua muda. Akashika ukingo wa mkebe.

"Acha," akasema. "Nitasema mimi."

"Kiapo, Mama Weldon," Wamuyu akasema. "Damu."

"Damu ya Mathenge iko juu yangu tayari. Nyingine itapata nafasi wapi?"

Akasema yote. Karai, mikono, hesabu, kiapo. Alisema akimwangalia Daktari usoni, bila haraka, kama mtu anayetoa ushuhuda. Daktari Obura alivua miwani. Akatafuta mahali pa kukaa, akakosa, akaegemea gari.

"Kwa hiyo dawa inafanya kazi," akasema taratibu. "Ilikuwa inafanya kazi wakati wote."

Kisha akamgeukia mke wangu, na uso wake ukabadilika.

"Lakini wewe, mama. Wewe nilikuambia."

"Uliniambia."

"Alikuambia nini?" Wamuyu akauliza.

Daktari akatikisa kichwa. "Sitaji habari ya mgonjwa mbele ya watu. Nitasema tu hivi, na nilisema hata kanisani, labda hamkusikia. Kuna watu hawakuingia kwenye kura. Wale ambao maini yao yalikuwa yameshakuwa magumu. Hao hatungeweza kuwafanya wangoje. Walipewa dawa ya kweli tangu siku ya kwanza, na tukawaomba wasitangaze."

"Walikuwa wawili," Chepkemei akasema. "Mimi na Mathenge."

Nilishika mkebe. Ulikuwa baridi, na ninakumbuka nilishangaa kwa nini ni baridi hivyo.

Alikuwa anajua. Ile Jumamosi, mkono ndani ya karai, alikuwa anajua. Chini ya mwavuli, akiniuliza nani anajua, alikuwa anajua.

"Mathenge alikuja kwangu," akaendelea. "Akasema, Chepkemei, hapa kuna mmoja wa kwenu na mmoja wa kwetu. Yule kijana ameshasema mambo ya unga. Watu wakianza kupona upande mmoja, hata ikiwa ni bahati tu, itakuwaje? Tukasema tumwage. Sisi ndio tulileta neno la karai. Wamuyu alileta karai tu."

Kipngeno alikuwa ameangalia chini. Alitoa kofia.

"Ulikuwa unanipa dawa yako," Wamuyu akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nikimeza."

"Na mimi nikimeza unga wako, labda. Hata chumvi hukutia."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kikamgeukia kilio. Wamuyu hakucheka wala hakulia. Alimpiga Chepkemei begani kwa ngumi, si kwa nguvu, halafu akamshikilia asianguke.

"Mathenge angepona?" akamuuliza Daktari juu ya bega la mke wangu.

"Sijui, mama. Ini lake lilikuwa limechoka sana. Labda angepata muda. Sitakudanganya, sijui."

Daktari alituambia yaliyobaki. Angepeleka ukweli huo kwa wakubwa, na utafiti usingefungwa kwa sababu ya karai. Wale watano wangetolewa kwenye hesabu. Kwa vile virusi vyao vilikuwa vimeizoea ile dawa nusunusu, angeomba wapewe dawa nyingine, kali zaidi. Angeomba. Hakuahidi.

"Na wataniuliza swali moja," akasema. "Tutajuaje kwamba hawatamwaga tena?"

Hapo ndipo nataka wewe unayesoma usikilize. Nimelelewa nikiambiwa upendo ni kugawana, na bado naamini. Lakini kuna kitu ukikigawa hakuna anayekipata, na aliyekupa kwa jina lako alimaanisha wewe. Ukiwa kwenye utafiti, au una dawa ya kifua, au ya moyo, au ya chochote, meza yako. Jirani yako muombee, mpikie, mpeleke kliniki akapate yake. Na ukiwa umeapa kufunga mdomo juu ya jambo linaloua watu, kakiri. Mungu hajawahi kuomba kiapo cha namna hiyo.

Dawa hiyo mpya bado tunaingoja wakati naandika. Miguu bado imevimba. Naomba kila siku kwenye zizi.

Lakini swali la wakubwa lilijibiwa pale pale, mbele ya mikebe, na Daktari aliomba lisemwe kwa sauti ili awapelekee kama lilivyo.

Chepkemei alijinyoosha. Watu wakavua kofia.

"Mimi Chepkemei, mke wa Bethwel," akasema. "Mbele ya Mungu, na ya Daktari, na yenu nyote mliokuja na maziwa. Nikipewa dawa, nitaimeza hapa, kila asubuhi, mkiniangalia. Ni yangu. Sitampa mtu."

Wamuyu bado alikuwa amemshika mkono.

"Haitoshi," akamwambia. "Mimi nakujua. Sema na jina langu ndani."

Mke wangu alimwangalia Wamuyu, yule ambaye yeye mwenyewe alimtoa kwenye hema. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hata wale wa mwisho kwenye foleni waliisikia:

"Hata Wamuyu. Hata akilia mbele yangu. Hata akifa mbele yangu. Sitampa."